Jungu likirudi jikoni, lirudi na ukoko wake

Kuna jambo nimekuwa nikiliona kwa miaka mingi kila ninapokwenda kula mchana. Kibanda cha mama lishe kikibadilisha mpishi, wateja hawaulizi chochote. Wanaonja mchuzi. Kijiko cha kwanza kinawaambia yote, na wiki haiishi kabla nusu ya mabenchi hayajabaki wazi. Jina lililopakwa ukutani ni lile lile, masufuria ni yale yale, hata anayepokea hela ni yule yule. Lakini mkono umebadilika, na watu hufuata mkono.

Nimeona pia kinyume chake. Pale ninapokula siku hizi palikuwa na mama aliyepika kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha akaanza kusumbuliwa na miguu. Hakutoweka ghafla. Alimleta binti yake akamweka kando ya jiko, na kwa miezi kadhaa tukawa tunauona mwiko ukihama mkono. Leo binti anakaanga samaki, kesho anaunga maharage, mwezi wa pili anaachiwa wali wa nazi. Siku tulipomkuta yuko peke yake, mzee mmoja akamuuliza, "Mwanangu, mama yuko wapi?" Akajibu, "Amepumzika, baba. Leo niko mimi." Mzee akavuta benchi akakaa. Nasi tukakaa.

Hayo yananirudia kichwani kila nikisikia kwamba televisheni fulani imefufua shindano la mapishi lililokuwa limekwisha. Swali huwa moja: warudi wapishi wa zamani, au waje wapya? Watu hubishana kana kwamba lazima kundi moja lifukuzwe. Msimamo wangu nausema mapema. Wa zamani warudi, lakini wasirudishwe kuja kukalia viti vyao. Waje wapambane, na mpya atakayekipata kiti akipate mbele ya macho yetu. Shindano linalotuletea mabingwa walioteuliwa ofisini limetunyima kile kile kilichotufanya tulipende.

Watu wa chuma wa Tokyo

Kwangu mimi hakuna mfano mzuri kuliko shindano la Kijapani lililoitwa Ryori no Tetsujin, yaani watu wa chuma wa mapishi. Sehemu kubwa ya dunia inalifahamu kwa jina la Iron Chef. Televisheni ya Fuji ilianza kulionyesha tarehe 10 Oktoba 1993, na likaendelea hadi Septemba 1999, karibu vipindi 300. Mwenyekiti wake, mwigizaji Takeshi Kaga, alitokea na mavazi ya kumeremeta kama mfalme wa ngano, akang'ata pilipili hoho mbichi ya njano, kisha akafunua chakula cha siku. Leo pweza, wiki nyingine bata au biringanya. Mpishi mgeni alichagua bingwa wa kupambana naye, na wote wawili wakapewa saa moja kupika vyakula kadhaa, kila kimoja kikiwa na kitu hicho ndani yake.

Mabingwa wa mwanzo walikuwa watatu: Rokusaburo Michiba wa mapishi ya Kijapani, Chen Kenichi wa Kichina na Yutaka Ishinabe wa Kifaransa. Michiba alizaliwa mwaka 1931, kwa hiyo aliingia ukumbini akiwa ameshavuka miaka 60. Kabla ya kushika kisu alichukua brashi ya wino akaandika vyakula atakavyopika, huku dakika zinakwenda. Kisha akaanza na supu yake ya mwani na samaki mkavu wa kuparwa, ambayo ilipewa jina lenye maana ya supu ya uhai. Mtazamaji aliyekwisha kumwona mara mbili tatu alijua kitakachofuata, akakingoja kwa hamu. Ndiyo maana nasema mpishi wa televisheni ni zaidi ya sura na sauti. Ana mazoea ya mkono ambayo mtazamaji hujifunza kuyatambua, kama mtoto anavyozitambua hatua za baba yake uani kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa tazama walivyopokezana viti. Ishinabe aliondoka mapema, na mwaka 1994 nafasi yake ikachukuliwa na Hiroyuki Sakai. Michiba alipostaafu mwaka 1996 akaingia Koumei Nakamura. Mwaka 1997 kikaongezwa kiti cha nne, cha mapishi ya Kiitaliano, akakipata Masahiko Kobe. Mwaka 1998 Nakamura naye akampisha Masaharu Morimoto, mzaliwa wa Hiroshima aliyekuwa akipika New York. Kwa miaka sita tu, hayo ni mabadiliko mengi. Hata hivyo haikutokea siku ambayo mtazamaji aliwasha televisheni akakuta sura zote ngeni. Chen Kenichi alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na ni yeye peke yake aliyedumu hivyo. Fundi wa nyumba ya makuti anaelewa ninachosema: unaweza kung'oa kuti moja moja mpaka paa lote likawa jipya, na mwenye nyumba akaendelea kulala ndani, mradi nguzo ya kati haijaguswa.

Morimoto hakupokewa kwa vigelegele. Alikuwa akichanganya vya Kijapani na vya ugenini, na wapishi walioshika mila walimpinga waziwazi. Walikuja wapinzani ambao kazi yao hasa ilikuwa kumjaribu. Alijibu kwa sahani. Akishinda tulimwona akishinda, akishindwa tulimwona pia, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyeweza kusema kiti kile si chake. Je, barua ya uteuzi ingeweza kumpa heshima hiyo?

Walirudisha ukumbi, wakasahau watu

Mwaka 2012 Fuji walilifufua shindano lao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kitu kizuri kinastahili kurudi. Lakini safari hii mabingwa wote watatu walikuwa wapya kwa mpigo, na mwenyekiti naye alikuwa mpya, mwigizaji Hiroshi Tamaki. Wapishi wenyewe hawakuwa wa kubahatisha hata kidogo. Yuji Wakiya ni jina kubwa katika mapishi ya Kichina nchini Japani. Yosuke Suga aliwahi kufanya kazi kwa Joël Robuchon, mmoja wa wapishi waliosifiwa sana Ufaransa. Wa tatu, Jun Kurogi, alishika mapishi ya Kijapani. Kipindi kilianza Oktoba, na mwaka uliofuata kilikuwa kimekwisha.

Sitadai kwamba sababu ni moja. Mwaka 1993 shindano la kupika kwa saa moja lilikuwa jambo geni, na kufikia 2012 dunia ilikuwa imejaa mashindano ya namna hiyo. Lakini jiweke mahali pa mama wa nyumbani wa Osaka aliyekuwa akitazama na mumewe miaka ya tisini. Anasikia jina analolipenda, anaita watoto, anakaa. Mbele yake wanatokea watu watatu anaoambiwa ni mabingwa. Mabingwa wa kumshinda nani? Sakai yuko wapi? Chen, ambaye mapishi yake ya tofu na pilipili alijaribu kuyaiga jikoni kwake, mbona hayupo hata kwenye kiti cha mgeni? Hilo ndilo jeraha. Watu wale walikuwa hai na wenye nguvu, na kulikuwa na wapishi vijana ambao wangetoa chochote wapate kumshinda mmoja wao hadharani. Pambano moja tu la namna hiyo lingempa Kurogi au Suga kile ambacho tangazo halikuweza kuwapa.

Wahenga wetu walisema jungu kuu halikosi ukoko. Tumezoea kuutumia msemo huo kuwasifu wazee na hekima yao, na ni sawa. Mimi nauona pia kwa macho ya jikoni. Ukoko ni kile kilichoshika chini ya jungu kwa sababu moto umepita hapo, na ndicho watoto wanachokigombania.

Mpwa wa mwenyekiti

Wamarekani wamelijaribu jambo hili mara kadhaa, kila mara kwa njia yake. Mwaka 2001 walitengeneza Iron Chef USA, mwenyekiti akiwa mwigizaji William Shatner na wapishi wote wakiwa wapya. Vikaonyeshwa vipindi viwili, basi.

Jaribio la pili lilikuwa la watu waliofikiri. Chanzo chake kilianzia mwaka 2000, wakati kipindi cha Kijapani kilipokwenda New York kwa pambano maalumu kati ya Morimoto na mpishi wa Kimarekani Bobby Flay. Muda ulipokwisha Flay alipanda juu ya kibao cha kukatia akainua mikono kwa furaha. Morimoto alikasirika kwelikweli. Kwa mpishi wa Kijapani, alisema, kisu na kibao ni vitu vitukufu. Nani kati yetu hajamsikia bibi akifoka kwa sababu mtoto amekanyaga mbuzi ya kukunia nazi au ameruka kinu? Hasira ile ilieleweka dunia nzima bila mkalimani. Mwaka uliofuata wakarudiana Japani, na Flay akashinda.

Kwa hiyo televisheni ya Kimarekani ya Food Network ilipoanzisha Iron Chef America mwaka 2004, ilikuwa na deni la hadithi mkononi, ikajua la kufanya nalo. Ilifungua na mapambano ya mabingwa. Sakai na Morimoto waliletwa kutoka upande wa Japani wapambane na Flay, Mario Batali na Wolfgang Puck. Morimoto akabaki, akawa daraja kati ya nyumba mbili. Mwenyekiti mpya, Mark Dacascos, alitambulishwa kuwa ni mpwa wa Kaga. Undugu huo ni wa kubuni, kila mtu alijua hivyo, lakini mtu aliyeubuni alikuwa na akili. Mgeni akifika kijijini kwetu swali la kwanza ni "wewe wa nani?" Akitaja jina la mjomba wake, mkeka unatandikwa.

Mwaka 2005 akaingia Cat Cora, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho, na ninaona aibu kwa niaba ya shindano zima kwamba ilichukua miaka kumi na miwili tangu kipindi cha kwanza cha Tokyo. Mwaka 2007 wakafanya jambo ninalolisifu kuliko yote: wakaanzisha shindano la kutafuta bingwa mpya, The Next Iron Chef. Michael Symon alipata kiti chake hapo, wiki baada ya wiki, watu wakimwona akikosea na kujirekebisha. Waliomfuata, José Garces, Marc Forgione, Geoffrey Zakarian na Alex Guarnaschelli, walipita mlango huo huo. Walipokaa ukumbini hakuna aliyeuliza wametoka wapi.

Mtoto aliyeuliza swali

Kisha Juni 2022 Netflix wakalifufua tena. Nililitazama sebuleni na watoto wa ndugu zangu, na nilikuwa na sababu ya kulisubiri. Mmoja wa mabingwa watano alikuwa Marcus Samuelsson, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1971, akafiwa na mama yake kwa kifua kikuu angali mdogo, akalelewa Sweden, na leo anamiliki mgahawa maarufu wa Red Rooster mtaa wa Harlem, New York. Ndiye aliyepika karamu ya kwanza ya kitaifa ya Rais Obama mwaka 2009. Kumwona mwana wa Afrika Mashariki amesimama katika ukumbi ule kulinigusa, sifichi. Wenzake walikuwa Curtis Stone, Dominique Crenn, Ming Tsai na Gabriela Cámara wa Mexico. Dacascos alirudi katika uenyekiti, na mtangazaji Alton Brown naye akarudi.

Mabingwa wakatoka katika moshi na mwanga, muziki ukapanda. Binti wa miaka tisa aliyekaa chini ya miguu yangu akageuka akaniuliza, "Baba mkubwa, huyu amemshinda nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na tangu siku ile sijalisahau swali lake. Jibu lilikuwepo. Ming Tsai alikwenda katika ukumbi wa Iron Chef America mwaka 2005 kama mgeni, chakula cha siku kikiwa bata, akamshinda Bobby Flay. Miaka baadaye akashindania kiti katika The Next Iron Chef akakikosa. Samuelsson naye alikishindania mwaka 2011, naye akakikosa. Yaani angalau wawili kati ya watano walikuwa watu waliobisha mlango ule kwa miaka, wakarudishwa, wakabisha tena. Ni hadithi gani tamu kuliko hiyo? Kwa nini mtoto wa miaka tisa aliachwa auone utukufu tu, asiione njia? Na Flay, Morimoto, Cora, Symon, kwa nini hawakuitwa hata usiku mmoja waje washindwe, au washinde?

Televisheni ilirudisha wenye kutangaza na kuwaacha wenye kupika. Ni sawa na kufungua tena kibanda cha mama lishe kwa kumrudisha anayepokea hela.

Wanaotaka wapya watupu

Wapo wanaonipinga, na hoja zao zina uzito. Ukiwarudisha wakongwe, wanasema, umewafungia vijana mlango. Viti vya mwanzo vyote vilikaliwa na wanaume. Kama tungeendelea kuwarudisha wale wale, Crenn angeingia lini? Cámara angeingia lini? Kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab akakulia Minneapolis, Marekani, anayepika sambusa na wali wa Kisomali kwa ustadi usio wa kawaida, ataingia lini? Hoja hii naiheshimu na sina nia ya kuizunguka. Nisingependa hata kidogo tuikose picha ile ya watano wa 2022.

Tena bingwa mkongwe ana hatari yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimewaona wapishi wakubwa wakirudi kwenye kamera na vyakula vile vile vya miaka kumi iliyopita, wamelewa makofi.

Lakini dawa ya ugonjwa huo ni ushindani. Mkongwe anayerudi kukaa kwenye kiti ndiye anayelitia tembo maji. Anayerudi kama mgeni, akijua kijana wa miaka ishirini na nane anamsubiri na kisu kilichonolewa, atakesha akifikiri. Na kijana yule, awe mwanamke, mhamiaji au mtoto wa mama lishe, hahitaji huruma ya mtayarishaji wa kipindi. Anahitaji jina kubwa la kulishinda. Kumwondoa mkongwe kwa kisingizio cha kumsaidia kijana ni kumnyang'anya kijana ushindi wake mkubwa kabisa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndiyo, lakini unyemi wa kipya hukauka baada ya wiki tatu, na hapo mtazamaji anaanza kutafuta kitu cha kushikilia.

Australia walilifanya vizuri, na kwao hali ilikuwa mbaya kuliko ya Fuji. Mwaka 2019 majaji watatu waliolibeba shindano la MasterChef la nchi hiyo tangu 2009 waliondoka kwa pamoja. Msimu uliofuata, 2020, ulikuwa na majaji wapya watupu. Basi wakaita washiriki wa misimu iliyopita, wale walioondoka wakiwa na kiu. Watazamaji hawakuwajua majaji vizuri, lakini waliwajua wapishi, wakapata pa kushika. Aliyeshinda, Emelia Jackson, alikuwa amewahi kuishia nafasi ya tatu mwaka 2014. Mmoja wa majaji wapya, Andy Allen, alikuwa mshindi wa 2012. Na Poh Ling Yeow, aliyeshika nafasi ya pili katika msimu wa kwanza kabisa, alirudi akapambana tena mwaka 2020, kisha mwaka 2024 akakaa kwenye meza ya majaji. Mtu aliyemtazama kwa miaka yote hiyo ameona maisha mazima ya mpishi, tangu jasho la siku ya kwanza hadi kuwaonjea wengine. Afrika Kusini nao walilirudisha shindano lao mwaka 2022 baada ya kimya cha miaka, wakiwa na majaji wapya, miongoni mwao Zola Nene ambaye tayari alikuwa akipendwa kwa mapishi yake ya televisheni. Walianza na mtu ambaye watu wanamjua mkono wake, nami naona hapo walipatia.

Wengine hawawezi tena kuitwa

Kuna jambo linalonifanya niandike haya kwa haraka. Chen Kenichi, yule aliyekuwa nguzo ya kati, alifariki dunia Machi 2023 akiwa na miaka 67. Baba yake, Chen Kenmin, ndiye aliyewazoesha Wajapani mapishi ya Sichuan, akipunguza ukali wa pilipili ya tofu yake ili ndimi za wenyeji ziweze kuipokea. Mwana akarithi mikahawa na siri zake. Mjukuu, Chen Kentaro, anapika leo, na mgahawa wa ukoo huo nchini Singapore ulipewa nyota mbili za Michelin mwaka 2016. Mikono mitatu, jungu moja. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama mtu angemweka Chen Kenichi ukumbini, akampa kijana mmoja nafasi ya kumshinda kwa tofu yake mwenyewe, kamera zikiwashwa. Sasa haiwezekani tena.

Na hapa ndipo jambo hili linapoingia nyumbani kwetu, maana sisi tuna wapishi wa shughuli ambao hawakuwahi kupigiwa muziki wala kumulikwa taa. Ninamkumbuka mmoja wa utotoni mwangu. Alifika usiku wa kuamkia harusi, akachagua kuni mwenyewe, akakataa zilizo mbichi. Vitunguu alivikaanga mpaka vikafika rangi ambayo yeye tu aliiamua, akasaga iliki, mdalasini na bizari nzima kwa kukadiria na kiganja, na mchele ulipokauka maji alifunika sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko, akatukataza watoto kupita karibu. Alilisha mamia ya watu kwa pilau lisiloshika chini wala kubaki kiini.

Siku hizi sherehe nyingi zinahudumiwa na kampuni zenye sare na vyombo vya kutunzia joto. Sizilaumu. Zimeajiri vijana wetu, na kuna baba anayelipa ada kwa kazi hiyo. Ninachouliza ni nani alimwona kijana yule akipokea mwiko. Mara nyingi hakuna. Mpishi mzee aliachwa nyumbani, kijana akajifunza kwa video ya simu kutoka kwa mtu asiyejua jiko la kuni, na siku pilau linapotoka bokoboko mbele ya wakwe, anayebeba aibu ni mama mwenye shughuli aliyechangisha kwa miezi sita. Hasara ya urithi usiokabidhiwa haimalizikii kwenye televisheni. Inafika kwenye sinia.

Ndiyo maana, siku kituo chetu chochote kitakapoanzisha au kufufua shindano la mapishi, ningeomba kisianze na sura nzuri zilizokusanywa kwa idadi ya wafuasi wa mtandaoni. Kianze na bibi wa Pangani au wa Lamu anayejua samaki wa kupaka kuliko anavyojua jina la mtaa wake. Awekwe jikoni. Aletwe kijana wa chuo cha hoteli apambane naye kwa samaki huyo huyo na nazi hiyo hiyo, majaji waonje bila kujua sahani ni ya nani. Bibi akishinda, kijana arudi msimu ujao. Kijana akishinda, bibi amfunge aproni kwa mkono wake mwenyewe, na binti wa miaka tisa aliyekaa sebuleni hatakuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Wiki iliyopita nilipita pale ninapokula mchana. Binti alikuwa amepika changu wa kupaka, na ndani ya nazi ametia embe bichi lililokatwa vipande vidogo vidogo, jambo ambalo mama yake hakuwahi kulifanya. Mabenchi yalikuwa yanabishana. Wapo waliolisifu, wapo waliosema hicho si chakula chetu. Mama mwenyewe alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, miguu ameinyoosha. Akapewa kijiko. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena huku binti akimtazama na mwiko umetulia mkononi.

"Punguza chumvi," akasema. "Embe liache."